Sijawahi Kusema Uongo Hata Mara Moja

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa. Mwaka wa tatu wote wa saikolojia tunakwenda mafunzo kwa vitendo kuanzia Jumatatu ijayo, wiki sita. Nafasi kumi na moja. Nimezisoma mara mbili. Kiwanda cha sabuni, ofisi ya wafanyakazi. Shule ya msingi, watoto watukutu. Kampuni ya matangazo, kuhesabu watu wanaosimama kutazama mabango. Idara ya maji, dawati la malalamiko. Nyingine za namna hiyohiyo. Halafu hospitali, kitengo cha ushauri nasaha: nafasi moja. Moja!

Hiyo moja ni yangu. Lazima iwe yangu, kwa sababu jana nilimwambia Mama nimeshaipata.

Sikupanga kumwambia. Mama alistaafu ualimu Desemba na tangu hapo halali. Analala macho kodo mpaka jogoo la kwanza. Kwa daktari hataki kwenda. Anasema hawezi kumwaga mambo yake mbele ya mtu baki, ila mwanawe akishakuwa daktari wa mawazo, kwake atasema. Jana sauti yake kwenye simu ilikuwa imechoka sana. Nikausikia mdomo wangu ukisema nimepangiwa hospitali. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Desemba. Nilifurahi, nakiri.

Mshindani wangu ni Daftari tu. Tunamwita hivyo kwa sababu anaandika kila kitu, hata mhadhiri akikohoa. Wengine hawana haja na hospitali. Mmoja ana kaka aliyehitimu saikolojia miaka minne iliyopita na sasa anauza magodoro. Anasema ni saikolojia tupu, mteja akishajilaza amekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa Idara ametangaza utaratibu. Alhamisi tutajaza dodoso la haiba. Sentensi mia na ishirini, kila moja unajibu Kweli au Si kweli. Atakayeonekana anafaa kukaa na wagonjwa ndiye ataenda hospitali. Akasema hakuna cha kusomea. Maneno hayo tumeyasikia kila mwaka na kila mwaka wamefeli walioyaamini.

Dodoso lazima litolewe nakala. Nakala zinatolewa kwenye kibanda cha fotokopi pale getini. Na karatasi zilizoharibika zinatupwa kwenye kikapu chini ya meza. Akili hii sikufundishwa na mtu!

Nikaenda, nikakaa kwenye kigoda karibu na kikapu. Fundi wa fotokopi akaanza habari za mkwewe, aliyekuja kusalimia siku mbili na huu ni mwezi wa tano. Mimi mm, mm, huku mkono uko kikapuni. Saa nzima. Nimetoka na kurasa tatu: ya pili, ya nne na ya tano. Zina mistari myeusi lakini zinasomeka. Fundi alinipa mkono kwa mikono miwili, akasema hajapata kusikilizwa hivyo tangu aoe. Maskini. Sikusikia hata neno.

Nimeandaa majibu. Kanuni ni nyepesi: malaika angejibuje?

Jumatano, 5 Machi

Leo mazoezi. Naishi kwa Shangazi, dada yake marehemu Baba. Ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea hakikosi wanawake wenye matatizo. Wanakuja kupimwa kiuno, wanaishia kusimulia maisha. Nikachukua kalamu, nikajibanza karibu na meza ya kupigia pasi.

Akaja bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni. Shangazi alipiga magoti kuweka upindo, pini saba zimebanwa mdomoni. Bibi harusi akaanza kusema mchumba wake amekuwa mkimya tangu waweke tarehe. Shangazi: mm. Akasema zaidi, sasa kuhusu mama mkwe. Shangazi: mm. Nikaona kazi inaharibika mbele ya macho yangu. Hakuna swali, hakuna uchambuzi, hakuna hata kalamu! Nikasogeza kiti. Nikamweleza bibi harusi kwamba ukimya wa mchumba ni hofu ya kufungwa, na kwamba gauni lenye mkia mrefu kiasi kile ni dalili ya yeye mwenyewe kutaka kumfunga.

Akalia. Akatoka mbio na gauni lenye pini. Shangazi alimfukuza mpaka kwenye kona lakini hakuweza kumwita, pini zilikuwa bado mdomoni.

Aliporudi alizitema moja moja kwenye kikebe, kisha akanieleza mambo kadhaa kunihusu. Sitayaandika. Mwishoni akauliza suala la hospitali limefikia wapi. Nikasema tayari. Akanitazama, akasema njia ya mwongo ni fupi. Sawa. Nani anapenda njia ndefu?

Alhamisi, 6 Machi

Dodoso limekwenda kama maji. Kurasa zangu tatu nilikuwa nazo kichwani zote. Naandika baadhi hapa kwa kumbukumbu za baadaye:

Sijawahi kumsengenya mtu. Kweli.
Nawapenda watu wote ninaokutana nao kwa kiasi kilekile. Kweli.
Sijawahi kuahirisha kazi. Kweli.
Adui yangu akishindwa mimi huhuzunika. Kweli.
Sijawahi kukosa kipindi bila sababu. Kweli.
Sijawahi kusema uongo hata mara moja. Kweli.

Nilimaliza wa kwanza. Daftari alikuwa bado anatafuna kalamu. Alifika sentensi moja, akakwama, akatazama dirishani kwa muda mrefu, halafu akaandika kwa uso wa huzuni. Nilimhurumia kidogo. Si kila mtu ana haiba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa na Mkuu wa Idara! Peke yangu!

Ofisi yake ni ndogo, ina mmea uliokauka kwenye chungu na viti viwili visivyolingana. Akasema katika dodoso kuna sentensi kumi na tano zilizowekwa kwa kazi maalumu. Mimi nimepata kumi na tano. Kwa miaka ishirini na miwili aliyotumia dodoso hilo, jambo hilo halijapata kutokea. Aliyekaribia alipata kumi na mbili, na huyo leo yuko kwenye siasa. Nikamshukuru.

Akaniuliza kama lipo jibu lolote ningependa kulibadilisha. Nikasema nasimama na majibu yangu yote. Akauliza tena, polepole zaidi. Hiyo ni mbinu ya kupima kujiamini, naijua. Nikasema yote! Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaifuta weee. Kisha akasema amefurahi kuniona kwa macho yake kabla hajastaafu.

Nimempigia Mama. Kumi na tano kwa kumi na tano, nikamwambia. Hakusubiri hata nikate simu, nikamsikia anamwita jirani. Mama hana breki.

Jumamosi, 8 Machi

Orodha imetoka. Hospitali: Daftari. Mimi: idara ya maji, dawati la malalamiko.

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba. Daftari akaja, akakaa ngazi ya chini yangu, akanieleza taratibu kama mtu anayemwambia mtoto kwamba paka amekufa. Sentensi zile kumi na tano ni mtego. Hakuna binadamu anayeweza kuzijibu Kweli zote, kwa hiyo anayejibu Kweli anajipaka rangi. Kumi na tano maana yake ni mwongo kupindukia. Tulifundishwa mwaka wa pili.

Nikasema hatukufundishwa. Akasema tulifundishwa, ila siku hiyo mimi sikuwepo, na yeye ndiye aliyeniitikia jina langu kwa sauti nzito. Ndiyo maana Alhamisi alikwama kwenye ile sentensi ya uongo. Alikumbuka siku hiyo, akajibu Si kweli.

Kwa hiyo ameingia hospitali kwa uongo aliousema kwa ajili yangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika, jambo ambalo linaudhi zaidi. Akasema amekwenda kwa Mkuu kuniombea. Mkuu amekubali kwamba nikiandika ukurasa mmoja kuhusu uongo wa mwisho niliousema, na kwa nini, ataniongeza hospitali siku mbili kwa wiki. Sharti uwe wa kweli. Mwisho kesho saa kumi na mbili jioni, niupitishe chini ya mlango wake.

Ukurasa mmoja! Mchezo wa mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Si mchezo wa mtoto.

Uongo wa mwisho ninao, tena mbichi. Niliandika: Nilimwambia mama yangu nimepata kazi hospitali kwa sababu nilitaka acheke. Nikaisoma. Nikaona haya. Mtu hawezi kumpelekea Mkuu wa Idara kitu kama hicho, atanionaje? Nikaichana.

Nikatunga kingine. Darasa la pili, niliiba penseli ya mwenzangu. Usiku sikulala. Asubuhi nikamrudishia penseli mbili, tukakumbatiana. Nikaweka na machozi kidogo, yake. Ukurasa kamili, mwandiko mzuri. Kusema kweli nilipousoma nilijipenda.

Nimeupitisha chini ya mlango saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa umerudi. Mkuu ameandika juu yake kwa wino mwekundu: Penseli mbili? Nenda kwenye maji.

Nimekwenda kwenye maji. Ni ukumbi mrefu, mabenchi ya mbao, madirisha sita ya vioo vyenye tundu la chini la kupitishia karatasi. Mimi nimepewa namba nne. Nyuma yangu ukutani kuna picha kubwa ya bomba linalotoa tone. Msimamizi wetu anaitwa Bwana Mita, amekuwa hapo tangu mita zilipokuwa na kioo cha kufunika. Alinitazama viatu, akaniambia nisikilize na kuandika. Basi.

Lakini mimi ni msomi. Mteja wa kwanza alisema bomba lake linatoa upepo tu na mita inahesabu upepo. Nikamuuliza hali ya utotoni kwake ilikuwaje. Akaomba kuonana na msimamizi. Mpaka saa sita mchana watu saba walikuwa wameomba kuonana na msimamizi. Bwana Mita alikuja, akainama sikioni mwangu, akasema nikifungua tena mdomo atanipeleka kusoma mita mtaa wa mbwa wakali.

Jioni nimetafakari kwa utulivu, kisayansi. Ni nani watu wanamwambia mambo yao bila kuombwa? Shangazi. Shangazi hana shahada. Ana nini ambacho mimi sina?

Pini!

Jumanne, 11 Machi

Nimechukua pini tano kwenye kikebe cha Shangazi. Nimefika dirishani, nikazibana mdomoni.

Zinafanya kazi! Mama mmoja alikuja anafoka, mimi mm, akafoka kidogo, mm, akaanza kuongea kama mtu. Mzee mmoja alilalamikia bomba lililopasuka kwenye mpaka wa kiwanja chake. Mm. Kumbe kiwanja cha pili ni cha mdogo wake. Mm. Kumbe hawajasalimiana miaka sita. Mwishoni akasema, sijui mwenyewe nimekuja kulalamikia nini, akakunja karatasi yake akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemwomba msimamizi. Bwana Mita alipita nyuma yangu mara mbili, kimya. Nilianza kupanga kichwa cha makala yangu kuhusu pini katika ushauri nasaha. Pini moja ilinichoma ulimi lakini sayansi ina gharama zake.

Nikainua macho kumwita namba thelathini na moja. Namba thelathini na moja alikuwa Mama.

Amevaa koti lake la shuleni, mkoba wa safari magotini. Akaja dirishani, akakaa. Moyo ulinidunda mpaka pini zikatikisika. Akaniambia aliteremka kwenye gari asubuhi, akaenda moja kwa moja hospitali kumwona mwanawe daktari. Kitengo cha ushauri akakuta binti mwenye daftari. Akauliza jina langu. Binti akasema leo nimepangiwa kituo kingine, akamwandikia hapa. Kisha akamuuliza kama angependa kupumzika kwanza, maana ametoka mbali. Mama akakaa. Akakaa saa moja na nusu.

Mimi: mm.

Akasema mambo yote aliyotaka kuniambia mimi amemwambia yule binti. Hajui ilikuwaje, yalitoka tu.

Hapo nikatema pini mezani, zote tano, zikapenya tundu la karatasi mpaka upande wake. Nikamwambia Mama kwamba hapa ni tawi la hospitali. Nikasema tunawahudumia watu nje ya wodi, ndiyo mtindo mpya. Mama akainua macho akaitazama ile picha ya bomba. Kisha akanirudishia macho, yale ya ualimu, yaliyoona madaftari ya uongo kwa miaka thelathini na nne, na akasema haya, daktari. Akaokota pini zangu, akazipanga vichwa upande mmoja, akanisukumia kupitia tundu la karatasi.

Jumatano, 12 Machi

Mama amelala.

Amelala kwa Shangazi, chumba cha kushonea, kwenye godoro kati ya vitambaa. Niliamka asubuhi jua limeshapanda na yeye bado anakoroma. Shangazi aliwazuia wateja mlangoni kwa ishara za mikono. Nilisimama kwenye mlango nikamtazama. Sijui kwa nini nilisimama muda mrefu vile, nikachelewa kazini.

Jioni nikamuuliza alimwambia nini yule binti. Akasema mambo ya chumba kile yanabaki chumba kile, ameelezwa hivyo. Nikasema lakini mimi ni mwanao. Akasema anajua. Nikauliza angalau walizungumzia kustaafu, au Baba, au mimi? Akasema chai inapoa.

Kitu kimoja tu alisema. Yule binti hakumharakisha.

Alhamisi, 13 Machi

Mama amerudi hospitali kwa mara ya pili. Amejipaka mafuta, amechana nywele. Saa nzima.

Nimemvizia Daftari getini jioni. Nikamwambia nataka muhtasari tu, sentensi tatu. Akasema hawezi. Sentensi moja. Hawezi. Nikamkumbusha kwamba huyo ni mama yangu na si wake. Akasema anajua, na kwamba ananipa pole. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli kuhusu mimi, angeweza kunimaliza pale pale. Akasema si kazi yake. Kazi hiyo, alisema, ipo bado, na haina mtu.

Sikumwelewa. Huwa anasema vitu kama hivyo, kisha anaviandika.

Nimeumia, sitaficha. Miezi mitatu nimetamani Mama aseme linalomkosesha usingizi, na sasa amelisema, na mtu pekee asiyelijua ni mimi. Pamoja na Shangazi, ambaye nadhani naye anajua. Anabana pini mdomoni kila nikimuuliza.

Mama anaondoka Jumapili. Hata akinong'ona kule ndani, lazima yanaandikwa kwenye faili. Na faili likiwa mezani linasomeka, hata kichwa chini. Nimefanya mazoezi leo kwenye fomu za maji, kupitia kioo, maandishi yakiwa yamegeuka. Mistari minne kwa dakika!

Ijumaa, 14 Machi

Mpango kamili. Nimemwambia Bwana Mita nina homa. Nimekwenda hospitali saa tatu, kofia imeshuka, nikajiandikisha kama mgonjwa kwa jina la Fundi wa fotokopi. Tatizo: sipati usingizi. Nimelichagua ili faili langu liwekwe pamoja na la Mama, matatizo yafanane. Chini ya fomu kuna sentensi: Nathibitisha kwamba maelezo niliyotoa ni ya kweli. Nikaweka sahihi.

Saa nne Daftari akatoka mlangoni kuita. Akaitazama fomu. Akanitazama mimi na kofia yangu. Akaliita jina la Fundi wa fotokopi kwa heshima zote, nikasimama.

Chumba ni viti viwili, meza ndogo, boksi la tishu. Faili hakuna! Daftari lake liko magotini, limefungwa. Nikaona nisubiri, atalifungua tu. Nikaanza kueleza shida ya Fundi. Kwamba nina mkwe. Mm, alisema. Kwamba sipati usingizi kwa sababu ya mkwe. Mm. Nikatafuta la kuongeza kuhusu mkwe, nikagundua sijui chochote kumhusu, siku ile sikusikia hata neno. Kikawa kimya. Kimya kirefu. Yeye hakuona haraka yoyote, na nilimkagua vizuri, hana pini.

Basi nikasema kwamba nina mama. Nikasema ni mama wa Fundi. Nikasema nilimwambia uongo ili acheke na sasa kila nikitaka kuurudisha naona haya. Na kwamba yeye anajua, nami najua anajua, na bado ananiita daktari. Nilisema na mengine. Sikumbuki yote.

Nilitumia tishu sita. Chumba kile kina vumbi sana, mtu mwenye mafua kama mimi anaathirika. Nimepanga kupeleka malalamiko.

Mwishoni Daftari akauliza kama kuna mtu ambaye ningependa kumwambia haya badala yake, kabla ya Jumapili. Nikasema hapana. Sikudanganyika, hiyo ni mbinu.

Kwa jumla mpango umekwenda vizuri. Kasoro ni faili tu. Nimepewa miadi Ijumaa ijayo, saa nne. Niliporudi nyumbani nilimkuta Mama anafunga vifungo vya gauni la yule bibi harusi, aliyerudi. Mama akauliza siku yangu kazini ilikuwaje. Nikasema nimehudumia mgonjwa mmoja tu, tena anayeendelea vizuri.